Pointi Thelathini na Moja Zisizo na Video

Asubuhi ya juzi sitaisahau, mwanangu, na wewe usiisahau. Nimesimama mlangoni mwa ofisi ya walimu, hapa hapa Ibra, Oman, na mwalimu wako wa michezo ananiambia bila hata kuinua uso: "Umm Salma, rekodi haivunjwi kwa vigelegele. Leta video."

Hapo subira iliniishia.

Video! Mwanamke huyu huyu, jana yake, alisimama mlangoni mwa ukumbi na ndoo ya plastiki akikusanya simu zetu. Mechi ya kikapu ya wasichana, hakuna kupiga picha. Nikasema sawa, ni haki, wamo mabinti wa watu wamevua shela. Nikatia yangu. Jirani yetu Bi Zuwena akatia mbili, akacheka: "Moja ya kuongea na mume, nyengine ya kumchunguza." Tukaingia na macho yetu tu.

Na macho yetu yalikuona. Wapinzani wenu, wasichana wa Sur, warefu, mashaallah, nawe mfupi unawapita chini ya mikono. Ubaoni, mbele yetu sote, iliandikwa Salma, thelathini na moja. Rekodi ya shule ni ishirini na sita. Kisha ubao ukafutwa, na asubuhi abla, mwalimu wako huyo, anasema aliyeandika alikosea kuhesabu, rekodi inabaki pale pale, na bila pointi hizo wewe huingii kwenye timu inayokwenda kucheza Nizwa.

Hukulia. Hilo ndilo lililonitia moto zaidi. Ulisema, "Basi Mama, tuyaache, watasema Wazanzibari wana kelele." Ndivyo watuitavyo hapa sote tusemao Kiswahili, na Zanzibar yenyewe sisi hatujawahi kufika!

Sasa sikiliza. Babu yako amekulia Bujumbura, na mpira wa kikapu ndio maradhi yake. Nilipokuwa na umri wako, kila Idi alitusimulia habari za Mmarekani wa zamani aliyefunga pointi mia katika mechi moja, peke yake. Idi moja nikamkatiza: "Baba, video iko wapi?" Nilijiona nimemkamata.

Akaweka kikombe cha kahawa chini. Hakupandisha sauti.

"Video hakuna. Ipo picha, ameshika karatasi imeandikwa mia, na karatasi hata wewe waweza kuiandika. Rekodi imesimama kwa sababu watu walikuwepo, wakahesabu, na walipoulizwa hawakunyamaza. Wewe ungekuwepo, ungesema?"

Swali lile nilitembea nalo mpaka asubuhi ile ofisini.

Nikamwambia abla: "Simu ulizichukua. Macho hukuyachukua."

"Usinipigie kelele. Nenda kwa mudira, yeye ndiye mkuu wa shule."

"Ndiko ninakokwenda."

Nikampigia Bi Zuwena. Naye, unamjua, akapiga simu mpaka Sur. Adhuhuri haijaingia, gari imesimama getini, akashuka mama wa yule msichana mrefu aliyekuwa akikukaba. Nilidhani amekuja kututazama tukiaibika. Akanishika mkono: "Mwanao ametupiga, wallahi. Kila alipofunga nilihesabu, kwa uchungu."

Mwanangu, ukitenda jambo, simama useme ni lako. Na mwenzako akitenda, hata kama amekushinda wewe, mshuhudie kama mama yule, maana ipo siku utamhitaji mtu wa kukushuhudia. Watii wakubwa zako, lakini usidhani heshima ni kumeza dhulma. Wakikuambia una kelele, punguza sauti, maneno yabakize yale yale. Mungu akupe mikono isiyotetemeka na ulimi usiojificha penye haki, na akukutanishe na watu wa namna ile popote uendapo.

Kama utapanda basi la Nizwa, bado sijui. Hiki ndicho nilichomkabidhi mudira mkononi, kwa Kiarabu, nami nakiandika hapa kwa lugha yetu:

"Mimi mama wa Salma nalalamika kwamba binti yangu amenyimwa pointi zake kwa kukosa video ambayo shule yenyewe ilitukataza kuichukua. Nilitii. Utii wangu usigeuzwe kuwa kosa la mwanangu. Naomba mashahidi wasikilizwe kabla timu haijaondoka. Walioshinda na walioshindwa wamekaa nje ya mlango wako, wanasubiri kuitwa."