Vitanzi vya Kuripan

Kuripan alikuwa fundi wa matandiko ya farasi ambaye hajawahi kupanda farasi. Upande wetu wa mto Biobio, sisi Wamapuche, wenyeji wa Chile, tulishawapokonya Wahispania farasi wao na kuwazoea kama kuku wa nyumbani. Yeye peke yake bado aliwapisha njia. Mkewe, Llanka, hakumwacha apumue.

"Baba Rayen, farasi amekusalimia tu, mbona umejificha nyuma yangu?"

"Sijajificha. Nakulinda mgongo."

Kisha ikaja habari kwamba mdogo wa Kuripan, Pichun, tuliyedhani amekufa, yu hai, kafungwa katika ngome ya Wahispania. Mkuu wa vita akatangaza: siku ya nne tunaondoka, na asiyepanda farasi abaki kupalilia viazi. Kuripan hakugusa chakula siku hiyo. Kulipokucha akalichonga tandiko likabaki vijiti na ngozi ya kondoo, akatupa vikuku vya chuma vya kukanyagia, akafunga vitanzi vya ngozi vya kuingiza kidole gumba cha mguu tu. Ushujaa haukuwamo. Alitaka aweze kuruka chini upesi.

Na akaruka kweli, siku nzima, vijana wakishika mbavu.

"Mjomba, farasi mwenyewe hajaondoka bado!"

Lakini kila mara alitua kwa miguu yake, mkuki mkononi. Jioni wale wale waliomcheka wakaja, macho chini, kuomba vitanzi kama vyake.

Siku ya vita, farasi waliteleza kwenye tope la kivukoni. Mhispania mmoja buti lilinasa kwenye kikuku, akaburutwa. Kuripan alikuwa kasimama chini kabla farasi wake hajaamua kuanguka. Ngome ilipowaka moto, akamkuta Pichun ameketi ukutani.

"Inuka twende, mvivu wewe!"

Pichun akafunua blanketi. Wahispania walikuwa wamemkata nusu ya mbele ya nyayo zote mbili, asitoroke.

Kuripan akambeba, akampandisha farasini. Pichun akavitazama vile vitanzi vikining'inia.

"Kaka, tandiko zuri. Ila umewashonea wenye vidole."

Kuripan akacheka, halafu akalia, wala hakujificha. Akavikata vitanzi vyote viwili, akashika hatamu, akatembea kwa miguu hadi nyumbani.

Llanka alimwona mumewe akija kwa miguu na farasi anaye. Akafungua mdomo amtanie, akaiona miguu ya shemeji yake, akaingia ndani kuchemsha maji.