Loki ya Difu

Kila ninaponusa oili ya gia, namwona baba siku ile ya mwisho, amelala chali chini ya gari uani kwetu Lodwar, akifunga loki mpya ya difu ya kati, ili magurudumu ya mbele na ya nyuma yavute pamoja mchangani. Milimani kulikuwa kweusi kwa mvua. Siku kama hizo alizoea kungoja maji ya laga, mto wa msimu unaokatiza njia, yapungue ndipo aende Kakuma.

“Leo singoji,” alisema, akijaribu liva ya loki.

“Baba watoto, hiyo ni ya mchanga,” mama alisema. “Na maji je?”

“Wewe unaogopa hata wingu!” Akacheka, akawasha gari.

Mama alinishusha kutoka kiti cha mbele, akauacha mlango wazi, akimtazama. Baba alinyoosha mkono, akaufunga.