Mkebe Uliopigwa Rangi Mpaka Ndani

Shemeji yangu, kaka wa mke wangu, alifika Alhamisi baada ya alasiri akiwa ameukumbatia mkebe wangu kama mtu aliyebeba kuku mgonjwa.

"Shemeji, mashine yako inaunguruma."

"Inaunguruma vipi?"

"Kama kinu cha kusaga mahindi. Tena kinu chenyewe kibovu."

Mkebe ule zamani ulikuwa wa biskuti. Ndani yake nilikuwa nimeunda pedali ya gita: unaukanyaga kwa mguu, na sauti ya gita inayotoka laini inageuka kuwa ya kukwaruza. Niliiunda kwa michoro ya kwenye simu, fizikia ya kidato cha nne, na ukaidi. Mke wangu husema hiyo fizikia imeshakwisha, umebaki ukaidi.

Shemeji anapiga gita kila Jumamosi jioni katika hoteli moja ya Diani, na wenzake watatu, kando ya bwawa la kuogelea. Jumamosi iliyotangulia, kila wimbo ulipokwisha, spika iliendelea kuvuma yenyewe mpaka mgeni mmoja akauliza kama jenereta limewashwa. Meneja akamwita shemeji pembeni. Akamwambia ikivuma tena, atamchukua bwana mmoja mwenye kinanda ambaye peke yake anatosha kuwa bendi nzima. Kabla ya gita, shemeji alikuwa akibeba masanduku ya wageni hotelini humo humo. Mgongo wake ulikuwa bado unayakumbuka.

"Basi piga bila mkebe," nilimwambia. Nilitaka kulala.

"Ule wimbo wanaouomba kila wiki, bila mkwaruzo unasikika kama mtu anachambua mchicha."

Tukaunganisha kila kitu pale sebuleni. Nikawasha. Mvumo ukajaa nyumba. Mke wangu alichungulia kutoka jikoni na kijiko mkononi.

"Hii ndiyo ile uliyosema imekwisha?"

Nilianza kuulaumu umeme, maana umeme haujibu. Nikaondoa adapta nikatia betri ya mraba. Ikavuma. Nikazima televisheni, nikazima taa, nikazima na friji. Ikavuma vile vile. Friji nikasahau kuiwasha, barafu za ubuyu za mke wangu zikarudi kuwa maji, na chakula cha usiku huo nililetewa bila neno. Huyo mwanamke akinyamaza, heri mvumo.

Ijumaa nzima nililehemu upya. Kila kiungo nilikipasha moto na kukitilia risasi mpya, mgongo umepinda, macho yanatoka machozi kwa moshi. Nilikuwa ndani ya nyumba tangu Jumatatu, jambo ambalo kwangu si habari. Mimi nikifika barabarani, majirani hunipa pole ya safari. Kufikia adhuhuri nilikuwa nimelehemu hata mahali pasipohitaji. Nikawasha. Kinu kikaanza kusaga.

Shemeji alikuwa amelala kwenye mkeka, mikono juu ya uso.

"Shemeji, sema tu umeshindwa. Nikaanze kuzoea masanduku."

"Shika nyuzi za gita."

Akazishika. Mvumo ukapungua. Akaziachia, ukarudi. Hapo hata fizikia yangu iliamka kidogo. Mwili wake ulikuwa ukifanya kazi ambayo mkebe ulipaswa kuifanya: kuupa umeme uliozagaa njia ya kurudi. Jeki ya kuingilia sauti, yaani soketi ya kuchomekea waya wa gita, nilikuwa nimeifungia waya wake wa ardhi. Ile ya kutokea sikuifungia. Niliona bati lenyewe litatosha kuwa waya, kwa nini nijichoshe? Na kweli, siku ya kwanza nilipoijaribu, ilikuwa kimya kabisa.

Nikachukua testa, kile kipimo kinacholia umeme ukipata njia. Ncha moja kwenye jeki hii, nyingine kwenye jeki ile. Kimya. Ncha kwenye bati. Kimya. Bati la chuma, halafu kimya! Nikabonyeza kwa hasira, ncha ikateleza, ikachora mstari mweupe ndani ya mkebe, na testa ikalia.

Nilikaa nikiutazama ule mstari.

Sisi wa huku pwani tunaishi na chumvi. Bawaba, dirisha, kufuli, kitu chochote cha chuma kikikaa bila rangi, mwaka haupiti kimeshakuwa unga mwekundu. Kwa hiyo mimi, baada ya kuijaribu mashine na kuridhika, niliichomoa yote, nikaupiga mkebe rangi ya mafuta. Mara mbili. Nje na ndani. Hata midomo ya matundu ya jeki niliipitishia brashi ndogo, taratibu, kwa mapenzi. Niliizuia kutu, na umeme pia.

"Ni rangi," nikasema.

Mke wangu akacheka kwa mara ya kwanza tangu barafu. "Mlango wa bafu haufungi kwa rangi yako. Madirisha yamegandana. Sasa umemfunga na kaka yangu."

Nikakwangua kwa kisu, nikamalizia kwa msasa mpaka bati likang'aa kuzunguka kila tundu. Safari hii nikalehemu waya pia, kutoka jeki mpaka jeki. Nikawasha. Tukasikia saa ya ukutani.  Shemeji aliweka kiganja juu ya spika kama anayepima homa.

Jumamosi alinilazimisha kwenda. Nilikaa nyuma, karibu na mlango wa jiko la hoteli, na bisibisi mfukoni. Muziki sikuusikia. Nilikuwa nikisikiliza nafasi za katikati ya nyimbo, nimekaza taya, nikingoja kinu. Hakikuja. Ule wimbo ulipoombwa, mkebe ukakanyagwa, ukakwaruza vizuri, ukaachiliwa, ukanyamaza.

Meneja, mtu wa bara, alikuja akasimama karibu na spika. Akaikazia macho.

"Imekuwa safi hivi, hii inatoka kwa flashi ama mnacheza nyinyi?"

Shemeji akaondoa mikono yote miwili kwenye gita katikati ya wimbo na kuiinua juu. Wenzake wakaendelea bila yeye, sauti nyepesi kama uji wa mgonjwa. Akahesabu mapigo manne, akarudi.

"Sawa, sawa," meneja akasema. "Jumamosi ijayo mje mapema."

Akaenda zake. Shemeji alinitafuta kwa macho kule nyuma, akanichekea kwa meno yote. Mimi nilikuwa nimeshasimama, nikimuuliza mpishi geti la wafanyakazi liko upande gani, nirudi zangu nyumbani.