Maikrofoni Iliyonikataa

Mkiniona napiga domo hivi mpaka majirani wanakuja kucheka, msidhani nilizaliwa hivyo! Zamani nilikuwa naongea kama kuku amelalia mayai.

Bwana yangu alikuwa amekufa. Shemeji akataka ile shamba yetu ya Kiogoro, ya chai na ndizi, mimi na watoto watano turudi kwetu Masimba. Maneno ikafika Kisii mjini, kwa ofisi kubwa. Mkubwa wa kuamua alikuwa Kisumu, anatusikiliza kwa simu. Mezani wameweka maikrofoni tatu, mpya kabisa, zinang'aa! Fundi akatuambia, "Hakuna kubonyeza. Ukiongea inajifungua yenyewe, taa nyekundu inawaka. Ukinyamaza inajifunga."

Shemeji akakohoa tu, taa hiyo! Akaongea mpaka akatoa jasho.

Zamu yangu ikafika. Lakini baba mkwe alikuwa amekaa mbele yangu. Sisi Wakisii tuko na ensoni, ile heshima ya mke na baba mkwe: humwangalii usoni, hupazi sauti akiwa karibu. Nikainamisha kichwa, nikasema polepole, "Hiyo shamba mzee mwenyewe aligawia mwanawe, na mimi nikiwa hapo. Muulizeni."

Taa haikuwaka.

"Mama, ongea kwa nguvu!" fundi akasema.

"Si naongea?"

Shemeji akacheka, na kicheko chake kikawasha taa yake. Kisumu ikauliza, "Huyo mama hana neno?"

"Hana, mkubwa. Ameshindwa," shemeji akajibu.

Nikaangalia mikono ya mzee. Alikuwa anazungusha fimbo yake tu. Maikrofoni yake ilikuwa karibu na mdomo kuliko yangu, na taa yake haikuwaka hata mara moja.

"Basi," Kisumu ikasema, "shamba ibaki kwa ndugu ya marehemu."

Hapo ensoni ikanitoka. Nikapiga nduru, "Niko na neno! Niko na neno!" Taa ikawaka, nyekundu kama pilipili. Lakini Kisumu walikuwa wameshaweka simu chini.

Tukarudi kwa miguu, mzee mbele, mimi nyuma mbali. Alipofika kwa migomba yangu akasimama, hakugeuka.

"Mimi nilikusikia," akasema.

Halafu akaenda kwake kula. Mimi nikaingia ndani, nikaanza kufunga vyombo.