Maua Madume Katika Kanga ya Mama Mkwe

Nilipoolewa Bukiriro nikitokea Biharamulo mjini, nilipewa nyumba mpya ya bati yenye kila kitu isipokuwa jiko. Si kwamba tulikosa cha kupikia. Jiko la gesi tulilinunua wiki ya harusi, likabaki ndani ya boksi lake uvunguni mwa kitanda. Katika ukoo wa mume wangu, mke mgeni hupikia kwenye jiko la mama mkwe hadi avune kitu kwa mkono wake kwenye kipande cha shamba alichopewa. Akivuna, mama mkwe humwekea mafiga matatu, na zao hilo la kwanza ndilo linalopikwa hapo. Baada ya hapo weka gesi, weka umeme, hakuna atakayekuuliza.

Nami nililitaka jiko langu, tena sana. Mama mkwe hakuwa mtu mbaya, lakini alikuwa mtu wa maneno machache, na mimi mtu wa maneno machache huwa ananitia wasiwasi. Nikiongeza pilipili, ananitazama. Nikipunguza maji, ananitazama. Mtu mzima mwenye diploma ya kilimo, nasimama na mwiko mkononi nikisubiri macho ya mwenzangu yaniambie kama chumvi imetosha.

Kwenye kipande changu nilipanda maboga, na nilifanya hivyo kwa kiburi. Nani hushindwa maboga? Unafukia mbegu penye samadi, unaendelea na shughuli zako.

Shughuli zangu zilikuwa upande wa Benaco, kwenye nyumba ya kupanga ambamo mtafiti mmoja alikuwa ameanzisha maabara ndogo. Mimi nilikuwa msaidizi wake. Tulikuwa tunachunguza mambo mawili: mimea hujuaje saa, na wadudu hunusaje maua. Kulikuwa na kabati lililozibwa mwanga kabisa, ndani yake miche ya maharage, na kamera maalumu iliyoweza kuona gizani. Jioni majani yaliinama, asubuhi yaliinuka, ingawa humo ndani hapakuwa na jioni wala asubuhi. Mche ulikuwa na saa yake mwilini. Mezani kulikuwa na kazi niliyoipenda zaidi: tunachukua kipapasio cha nyuki, kile kijiti chembamba cha kichwani anachonusia, tunakifunga kwenye nyaya nyembamba kama unywele, kisha tunakipulizia harufu ya ua. Harufu ikifika, mstari kwenye kompyuta unaruka. Kila uliporuka nilitabasamu peke yangu, hata baada ya kuona mamia ya miruko.

Sasa mtu mwenye kazi ya namna hiyo, maboga yake yakamgomea.

Miche yenyewe ilistawi vizuri, ikatambaa hadi kwenye kahawa ya jirani. Tatizo lilikuwa matunda. Kila ua jike huwa na kiboga kidogo nyuma yake, na vyangu vilifika ukubwa wa yai la kuku, vikageuka njano, vikaanguka. Msimu wa kwanza nikasema ni mvua. Msimu wa pili wanawake wa jumuiya wakaanza kunipa pole kwa sauti ile wanayompa mtu aliyefiwa. Mmoja akaniuliza kama nimeshaenda hospitali. Nikamuuliza kwani maboga yanatibiwa hospitali gani. Lakini nilijua alichomaanisha, na kiliniuma. Hata mimi nilianza kuhisi kwamba ardhi ya pale haikunitaka.

Niliondoka nyumbani alfajiri kwa bodaboda na kurudi jioni, kwa hiyo mchana wa shamba langu sikuujua. Nilijua tu kwamba jioni nakuta maua madume machache mno. Kwa kuwa kichwa changu kilikuwa kimejaa maabara, nikapata jibu la kitaalamu. Mume wangu alikuwa amefunga taa ya sola pembeni mwa ua wa nyumba ili kulinda kuku, na taa ile ilimulika shamba langu usiku kucha. Nikamweleza kwamba taa inavuruga saa ya mimea, maua madume hayatoki kwa wakati, na nyuki hawasikii harufu wanayoitafuta. Nilieleza vizuri sana, hata nikachora. Akaitoa taa. Wiki hiyohiyo tukaibiwa jogoo, akasema sayansi imemlia kuku wake. Maboga hayakubadilika.

Basi nikaomba ruhusa kazini siku moja. Nilitaka kukaa shambani tangu alfajiri na kuangalia kwa macho yangu nani anakuja na nani haji. Nilichukua kigoda na sweta, nikatoka mwanga ulipoanza tu.

Nilimkuta mama mkwe ameinama katikati ya maboga yangu. Alikuwa amevaa nguo za kwendea misa ya asubuhi, kanga ameifunga mbele kama mfuko, na mfuko umejaa maua madume, yote yamechumwa kabla hayajafunguka.

Damu ilinipanda. Hapo ndipo nilipoelewa pia kitoweo cha maua ya maboga na karanga nilichokuwa nakikuta kimeiva kwake karibu kila jioni, nikila, nikikisifia na kuongeza. Siku zote nilidhani maua yale yanatoka shambani kwake. Nilikuwa nakula maboga yangu mwenyewe kabla hayajawa maboga. Maneno niliyokuwa nayo mdomoni asubuhi ile, kama yangetoka, leo nisingekuwa kwenye ndoa hii. Kilichoniokoa ni mazoea. Mkubwa ukimkuta, unaamkia.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mukazana." Ndivyo wanavyomwita mke wa mtoto wao.

Nikamuuliza, taratibu nilivyoweza, anafanya nini. Hakushtuka hata kidogo. Alinieleza kama mtu anayeeleza kazi ya kawaida kwamba yale ni madume, hayazai, yananyonya tu nguvu ya mche. Shambani kwake huchuma ya kitoweo tu, maana eneo ni kubwa. Kwangu alikuwa anachuma yote, kila siku kabla ya misa, asibakize hata moja.

Nikamuuliza kwa nini kwangu yote.

"Mimi nilipikia jiko la mama mkwe wangu hadi watoto wawili," akasema. "Alikuwa akionja kila chungu changu. Sikutaka na wewe uchelewe."

Nilikaa kwenye kigoda. Misimu miwili nilikuwa nimemhesabu huyu mama kama askari wa gereza langu, kumbe alikuwa akidamka kila siku kunitafutia mlango wa kutokea. Niliona aibu, na ndani ya aibu nilikuwa na furaha ambayo sikuitegemea.

Nilimwomba siku ile misa impite. Akasita, kisha akakaa kando yangu. Ua moja dume lilikuwa limejificha chini ya jani, hakuliona. Jua lilipotoa kichwa likafunguka pamoja na majike kadhaa, harufu ikatoka, na nyuki wakafika kana kwamba wameitwa. Wa kwanza aliingia kwenye dume, akatoka na unga wa njano mgongoni, akahamia kwa jike. Nikamwambia kwamba unga ule ndio mbegu ya kiume, bila huo kiboga kinaanguka. Nikamwambia ua lina saa yake, hufunguka asubuhi moja tu, na kufikia saa nne limejifunga na kazi imekwisha. Na nyuki hulijua kwa harufu anayoinusa kwa vipapasio vyake.

Akafungua kanga, akayatazama maua aliyoyachuma.

"Na haya yamekufa?"

Sikuwa nimelifikiria hilo. Hayakuwa yamekufa. Nikachukua moja, nikalimenya petali zake hadi kikabaki kile kijiti cha katikati chenye unga, nikakigusisha taratibu ndani ya ua jike. Mama mkwe aliangalia mara moja tu. Kisha akachukua lake, akamenya, akainama. Tulizunguka shamba zima hivyo, yeye na nguo zake za misa, magoti yamejaa umande na vidole vya njano. Kila alipomaliza ua moja alilifunika kwa jani kubwa la boga, jambo ambalo sikumfundisha na wala halikuwa na kazi yoyote. Sikumkataza.

Tangu siku hiyo maua ya kitoweo tuliyachuma baada ya saa nne, yakishajifunga, nyuki wakishaondoka. Ladha ni ileile. Na viboga vya asubuhi ile vilipita ukubwa wa yai, vikapita ukubwa wa ngumi, na siku moja nikashindwa kukishika kimoja kwa mkono mmoja. Nikamwita mume wangu aje aone, akasema hili ndilo lililomla jogoo wake.

Boga la kwanza nililikata Jumamosi. Mchana ule mama mkwe alikuja na mafiga, moja moja, hakukubali nimsaidie kubeba. Akayapanga, akayatikisa kuona kama yanakaa imara, akaenda zake. Nilipika peke yangu. Nilitia chumvi nikaonja mwenyewe.

Jioni nikasikia hatua zikisimama nje ya mlango. Kwa muda wote niliokaa pale, mama mkwe alikuwa akiingia popote ndani ya ua ule bila kubisha, maana ua ni wake. Sasa alisimama nje, mikono ameikunja mbele kama mgeni aliyetoka mbali.

"Hodi," akasema. "Mwenye jiko yupo?"

Niliweka mwiko chini, nikaja mlangoni. Akasubiri palepale nje.

"Karibu, mama."