Alizeti Kwenye Nafasi ya Bibi

Nafasi ilikuwa upande wa kulia wa kaburi la babu, nyuma ya nyumba yetu Issuna, pale shamba linapoanzia. Kila msimu, maksai wakilima, bibi alikuwa akisimama hapo kuhakikisha plau haipagusi. Kijiji kizima kilijua ni pake pa kuzikwa. Niliwahi kufunga mbuzi hapo nikafukuzwa kwa fimbo, mimi na mbuzi.

Msimu huu hakusimama. Hospitali walimrudisha nyumbani na dawa za maumivu tu, na daktari akatuambia, mimi na shangazi, tumpe chochote atakachotaka kula. Mimi nauza kuku stendi, lugha hiyo naijua. Mwenye duka akikwambia chagua unachotaka, ujue anafunga.

Mvua zilipoanza nikamwambia mwenye maksai apitishe plau hadi kwenye mawe ya kaburi. Aliniuliza mara mbili kama nina hakika. Nikapanda alizeti. Nilishapiga hesabu, nikairudia kama kawaida yangu: kwetu mtu hachimbi kaburi kwenye mazao yaliyosimama, na alizeti haikomai haraka. Basi kifo kingesubiri mavuno. Baada ya mavuno tungezungumza upya.

Kuanzia hapo nikawa nambeba bibi kwenda kuota jua mbele ya nyumba, nyuma hapana. Alikuwa anapungua, kila asubuhi mikono yangu ilijua kabla mimi sijataka kujua. Alizeti ilifika magotini. Shangazi aliona, akanitazama kama namuuzia kuku mgonjwa.

Siku moja nikarudi kutoka stendi, nikamkuta bibi nyuma ya nyumba, juu ya mkeka, shangazi akifua karibu yake. Nikamwamkia. Hakuitikia shikamoo yangu.

"Mume wangu," akasema, maana ndivyo alivyoniita tangu nikiwa mtoto, "pale umepanda nini?"

"Alizeti, bibi."

Nikaanza maneno yangu ya stendi: udongo mzuri, mafuta ya kula yamepanda, ni miezi michache tu. Akaniacha nikamaliza. Kisha, akipumzika katikati ya maneno, akanieleza jambo ambalo sikuliweka kwenye hesabu. Baba mkubwa ana kiwanja mjini Singida, na siku nyingi anasema mama yake azikwe huko, karibu na lami, wageni wasihangaike kufika. Anatafuta sababu tu. Akija akakuta pamelimwa, atasema mama alishaiacha nafasi yake, na wazee watakosa la kumjibu.

"Nitalala na kelele za magari," akasema. "Babu yako atabaki hapa peke yake."

Nikajaribu kupunguza. Nikamwambia basi ning'oe nusu, upande wa babu, huku kwingine kuendelee.

"Mimi ni mfupi," akasema, "lakini siyo kiasi hicho."

Shangazi akacheka, halafu akaficha uso kwenye shuka alilokuwa anakamua.

"Ng'oa sasa hivi, nikiona."

Nikang'oa. Udongo ulikuwa na unyevu, mashina yakatoka bila ubishi, na hilo ndilo lililoniuma. Nilitaka angalau yang'ang'anie kidogo. Kila nilipogeuka, bibi alikuwa macho. Nilipomaliza akanionyesha kwa kidole shina moja nililoliruka karibu na mawe. Nililiruka makusudi. Nikaling'oa na lile.

Halafu akaniambia nimpigie baba mkubwa, simu niiweke sauti ya juu. Nikamwamkia, nikamwambia nafasi ya bibi iko tayari, pembeni ya babu. Akauliza ni nani ameanza kuandaa mambo hayo wakati mama bado yupo.

Bibi alikuwa ananitazama.

"Ni mimi, baba mkubwa," nikasema. "Bibi tutamzika hapa."

Sikuwahi kulitamka neno hilo. Bibi akafumba macho, akasema jua limemzidi, arudishwe ndani. Nikambeba.