Gesi Iliyorudi Mlimani

Mtaani walimwita Mrushaji, na jina lilimkaa kama kiatu cha kupimiwa. Kila alasiri, jua liwake au mvua imwagike, alipanda hadi kituo cha hali ya hewa kilimani, akajaza gesi puto jeupe lenye kimo cha mtu, akalifungia kisanduku cha vipimo kwa uzi mrefu, akaliachia. Kisanduku kilipanda kikituma habari za joto, unyevu na upepo, mpaka puto lipasuke huko ambako hata tai hafiki. Ujana wake ulikwisha akitazama juu. Shingo ilimuuma kila jioni, lakini hakuna aliyepata kumwona akiinamisha kichwa mbele ya mtu.

Aliyemfundisha kazi ni Mkuu wa kituo, mwanamume mpole mwenye miwani minene, aliyependa kusomesha kuliko kuamuru. Ndiye aliyemwambia kwamba heliamu, ile gesi ya kwenye mitungi yao, wataalamu waliigundua kwenye mwanga wa jua kabla hawajaipata duniani. Kwamba jua huitengeneza bila kupumzika ndani ya moyo wake, na nyota nyingine vivyo hivyo. Kwamba Mshtarii, sayari kubwa kuliko zote za jua letu, imesheheni gesi hiyo.

"Huko juu ni ya kumwaga," Mkuu alizoea kusema. "Hapa kwetu inazaliwa ndani ya miamba, polepole mno. Ikishaponyoka hewani, basi tena. Inapanda mpaka inaihama dunia kabisa. Dunia haina mikono ya kuishika."

Maneno hayo yalimwingia Mrushaji. Akawa anafunga koki ya mtungi kama mama anavyomfunika mtoto shuka.

Mwaka huo heliamu ikaadimika. Hospitali kubwa ziliigombania kwa ajili ya mashine za kupiga picha ndani ya mwili, ambazo sumaku zake hupozwa kwa heliamu iliyogeuzwa kuwa kimiminika, yenye baridi isiyo na mfano. Viwanda vya vifaa vya kompyuta navyo viliitaka. Kituo cha mlimani kikawa mkiani mwa foleni, na siku kadhaa puto halikuruka. Makao makuu yakatoa onyo: mkikosa tena hata mara moja, tunafunga. Mitungi mipya ilikuwa njiani. Stooni ulibaki mtungi mmoja tu, nao haukuwa umejaa.

Na hapo ndipo wifi yake, mke wa kaka yake, alipoamua kufungua saluni.

"Wifi, nataka mapulizo yanayoelea," alisema siku moja, mikono kiunoni. "Si haya ya kupuliza kwa mdomo, yanalala sakafuni kama yana homa. Nataka yafunike dari nzima!"

"Puliza, tundika kwa uzi. Nani atajua?"

"Mimi nitajua. Na gesi unayo!"

"Ya kituo hiyo."

"Ndiyo uninyime mimi pumzi ya pulizo? Mimi mke wa kaka yako?"

"Hata angekuja kaka mwenyewe amebebwa kwa machela, jibu ni hilohilo."

Wifi akacheka kicheko cha kuudhi. "Haya, mwenye mbingu zako. Ila siku nywele zikikushinda, usije kwangu. Nenda zikasukwe na mawingu."

Mrushaji akadhani yamekwisha. Kumbe wifi hakuwa mtu wa kuliacha neno "hapana" likalala. Alimwendea Mkuu, akamwomba awe mgeni rasmi. Na Mkuu, pamoja na elimu yake yote, alikuwa na ugonjwa mmoja: hakujua kumkatalia mtu anayemchekea.

Siku ya ufunguzi, Mrushaji aliingia stoo mchana kujiandaa. Mtungi ulikuwa mahali pake, lakini umegeuzwa mgongo. Akafungua koki, akatazama kipimo. Mshale ulikuwa umeshuka hadi moyo wake ukashuka nao. Gesi iliyobaki ingeinua puto lenyewe, lakini si kisanduku.

Akampigia Mkuu simu. Nyuma ya sauti yake palikuwa na muziki.

"Mkuu, gesi imekwenda wapi?"

"Kidogo tu, mama. Tulipeleka mtungi kwa gari leo asubuhi, tukaurudisha. Nilisoma kipimo mwenyewe, inatosha ya leo."

"Ulikisoma mtungi ukiwa wapi?"

"Nje ya saluni, juu ya gari..."

"Juani."

Mkuu hakuhitaji kuelezwa; yeye ndiye aliyemkanya miaka ile asiuamini mtungi uliotoka juani, kwa sababu joto huisukuma gesi, na mshale hudanganya. Stoo ni ya mawe, yenye ubaridi. Mtungi ulipopoa, ukasema kweli.

"Basi, mama," alisema Mkuu kwa unyonge. "Maji yameshamwagika. Tutaandika kwamba gesi imekwisha."

"Andika wewe. Mimi naja kuichukua."

"Kuichukua wapi?"

"Ilipo!"

Saluni ilikuwa imejaa watu. Mapulizo mekundu na meupe yamebanana darini, nyuzi zikining'inia kama mvua. Mrushaji alipenya, akavuta kiti kipya kabisa, akapanda na viatu vyake, akaanza kuzikusanya nyuzi.

Bahati mbaya, wifi alikuwa ametoka tu kuvuta gesi ya pulizo moja ili kuwachekesha wageni.

"Teremka kwenye kiti changu!" alifoka, na sauti ikatoka nyembamba kama ya kifaranga.

Saluni nzima ikaangua kicheko. Wifi akazidi kuwaka. "Mwizi! Mwenye husuda! Mtoeni nje!"

"Jamani, kifaranga kimekasirika," akasema mteja mmoja mwenye taulo kichwani.

"Kapumzike kwanza, wifi," Mrushaji alimwambia bila kugeuka. "Sauti ikikua, ndiyo uje unitukane kikubwa."

Mkuu alisogea, mkasi wa kukatia utepe ungali mkononi. "Mama, unatuaibisha mbele za watu."

"Aibu si mimi, Mkuu. Aibu ndiyo hiyo inayoelea darini. Sasa weka mkasi, shika nyuzi."

Mrushaji akamkazia macho. Ndipo Mkuu, ambaye hakujua kumkatalia mtu, akakuta safari hii anayemwagiza hacheki. Akashika nyuzi.

Walipanda kilima kwa miguu, maana mapulizo yale yasingeenea garini. Njia nzima watu walitoka madukani.

"Shangazi, angalia usipae!" alipiga kelele fundi viatu.

"Nikipaa nitakutemea mate kutoka hukohuko juu!"

Kituoni hawakupoteza muda. Kwanza waliingiza kwenye puto ile gesi iliyobaki mtungini. Kisha Mrushaji akawa anavisha shingo ya pulizo kwenye mpira wa gesi, Mkuu anakamua kwa viganja viwili, taratibu, kama anakamua ng'ombe mkali. Moja lilipasuka, wakalitazama kana kwamba wamefiwa. Puto kubwa likaanza kunyanyua mabega. Sheria yao ilikuwa moja: gesi hutosha pale puto linapoinua jiwe la kupimia lililofungwa shingoni mwake. Jiwe likasogea, likakwaruza sakafu, likakaa.

"Halitoshi," Mkuu alisema.

"Kamua."

"Yamekwisha, mama."

Mrushaji akamnyooshea kidole kifuani. Kwenye kifungo cha koti lake palikuwa na pulizo jekundu, alama ya mgeni rasmi. Mkuu akalifungua kwa aibu. Likakamuliwa. Jiwe likaacha sakafu, si sana. Unyasi ungepita chini yake.

Nje, puto liliondoka kivivu, kisanduku kikaupita ua wa waya kwa kuugusa. Mkuu alifumba macho. Mrushaji hakufumba.

"Nenda!" alilipigia kelele. "Nenda, nani wa kukuzuia?"

Likaenda. Baadaye makao makuu walipiga simu: puto lenu leo limepanda kama limechoka, lakini vipimo tumepata. Kituo kikabaki wazi, na mitungi mipya ikafika kesho yake asubuhi. Mrushaji alinunua kufuli jipya, na funguo zote akazivaa shingoni. Mkuu hakuomba hata mmoja.

Wiki iliyofuata Mrushaji alishuka mtaani, akaingia saluni, akakaa kwenye kiti kilekile.

"Mawingu yamefungwa leo?" wifi aliuliza, chanuo mkononi.

"Yako wazi. Lakini hayajui kusuka."

Wifi alimsuka akimvuta nywele mpaka machozi yakamlenga. Mrushaji hakuinamisha kichwa. Alikaa wima akiitazama dari tupu, na kila alipovutwa alisema, "Kaza tu, wifi. Kaza."